Kifaru cha Makopo ya Dawa ya Viatu

Nimo katika eda ya mume wangu Seifu, mwezi wa tatu sasa, na wanawake wanaokuja kunitazama wananichosha kwa sifa zao. Najua marehemu hasemwi ila kwa wema, na mimi mwenyewe nimeyasema hayo katika misiba ya watu ambao walipokuwa hai sikuwa nikiitikia salamu zao. Lakini kila anayeingia humu, awe jirani wa hapa Kibiti au mtu wa kwao Seifu kule Mtawanya, huniambia lilelile: mumeo hakujua uongo. Nakaa kwenye mkeka, naitikia, nasema Mungu amrehemu. Ukweli ni kwamba Seifu alidanganya mara moja maishani mwake, na hata siku hiyo hakusema neno. Alikula tu. Nataka kuuandika mwaka alioutumia kuufuta uongo ule, kwa sababu kuna jambo langu mimi pia ndani yake, na kukaa ndani siku nyingi namna hii kumenifanya nishindwe kulikwepa.

Ulikuwa mwaka wetu wa kwanza wa ndoa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, yeye thelathini na minne. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka kumi na miwili nyuma na watu walikuwa wameacha kuvizungumza. Zilikuwa siku za ruksa, mazungumzo yalikuwa ya vitu. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni sasa ilijipanga yenyewe barazani, mitumba ilimwagwa chini juu ya maturubai siku za mnada, na mtu aliyekuwa akienda pekupeku kwa kukosa viatu alianza kwenda pekupeku kwa kukosa pesa. Tulipanga vyumba viwili kando ya barabara ya kusini. Cha mbele tulilala. Cha nyuma kilikuwa karakana, maana Seifu alikuwa fundi bati: koroboi, makarai, ndoo, mabomba ya kukingia maji ya mvua. Harufu ya lehemu ilipenya hadi kwenye mito, na nilipokwenda kuwatembelea wazazi wangu walijua nimefika kabla sijapiga hodi. Kati ya vyumba hivyo hapakuwa na mlango, palikuwa na pazia la kanga, kwa hiyo kila alichokisema kule nyuma nilikisikia, na kila nilichokikaanga huku mbele alikisikia.

Alianza bila kuniambia. Niliona tu makopo ya dawa ya viatu yakiongezeka juu ya rafu, yale ya duara, bapa, na sisi nyumbani tulikuwa na viatu vya ngozi jozi moja. Alikuwa akiyaomba kwa walimu na kwa makarani, watu waliokuwa na viatu vya kung'arisha. Yalipofika kumi aliacha kuomba. Asubuhi moja nikamkuta anatembea kutoka mlango wa mbele hadi ukuta wa nyuma, anahesabu hatua, anageuka, anahesabu tena. Hatua nane, akasema, tena kwa namna ya mtu anayesubiri apingwe. Nikamuuliza hatua nane za nini. Akanionyesha vidole vyake vinne vilivyobanwa pamoja. Ndio urefu wa kifaru, alinieleza, na hatua moja ya mtu mzima itakuwa vidole vinne, kila kitu kitafuata hapo. Kopo la dawa ya viatu ndilo gurudumu lenyewe, halizidi wala halipungui. Ndivyo nilivyofahamu kwamba anajenga kifaru cha vita. Nilijua alikuwa jeshini, nilijua alikuwa dereva, nilijua makovu ya moto yaliyokuwa mgongoni mwake. Sikujua zaidi, na mke wa mwaka wa kwanza haulizi sana.

Kazi ile aliifanya saa za mchana, baada ya kumaliza ya wateja. Mwili wa kifaru aliutengeneza kwa vipande vya mbao ya mninga akavivika bati la madebe ya mafuta ya kula. Minyororo aliikata kwa matairi, kipande kwa kipande, akaviunga kwa waya, mpaka ukikisukuma kifaru magurudumu yanazunguka na mnyororo unazunguka nayo. Mzinga ulikuwa bomba la pampu ya baiskeli. Kati ya gurudumu la kwanza na la pili aliacha nafasi kubwa kuliko kwingine, na mimi kwa ujuaji wangu nikamwambia amekosea vipimo. Akasema vifaru vile vya Kichina ndivyo vilivyo, na kwamba akiiziba nafasi hiyo atakuwa amejenga kifaru cha mtu mwingine. Aliwahi kung'oa upande mzima kwa sababu boliti moja aliikumbuka baadaye. Majirani walicheka, bila shaka. Nilikuwa nikisikia uani, wanawake wakitwanga, mmoja akisema yule binti kaolewa na mtoto, anamchezea magari, mwenzake akasema afadhali magari kuliko pombe. Nilirudi ndani nikiwa nimekasirika, nikamkuta amelala kifudifudi sakafuni, shavu chini, anachungulia ndani ya kitu chake kwa tundu la mbele. Hasira zikaisha. Hakuwa na uso wa mtu anayecheza.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisumbua mwaka ule, na sikujua kwamba ni jambo hilohilo. Seifu hakula wali kwenye nyumba ya mtu. Kwangu alikula, tena akikombeleza sufuria. Lakini twende arusini, twende hitima, sinia likiletwa yeye atanawa mikono, atakaa na wenzake, atatafuta sababu. Tumbo. Jino. Nimetoka kula sasa hivi. Katika nchi ya Rufiji, ambako mtu hupimwa kwa mpunga wake, mume wa namna hiyo ni aibu, na mama mmoja alishaniuliza kwa upole kama mume wangu anaogopa kurogwa. Nilipomwambia Seifu hayo alinitazama, akasema yeye hana shaka nao, nikachukulia amejibu.

Kifaru kilipokaribia kwisha alitaka watu wa kukaa ndani yake. Wanne, alisema: kamanda, mpiga mzinga, mpakia risasi na dereva, kila mmoja urefu wa vidole tisa. Hapo ndipo aliponiingiza kazini, maana alijua mikono yangu. Miili aliichonga yeye, na mimi nikaijaza kwa sufi pale panapotakiwa unene, nikashona magwanda kutokana na suruali ya mtumba ya kijani iliyopauka. Nilishona kola, nilishona mifuko isiyopita ukucha. Kofia za ngozi nilizikata kwenye pochi mbovu. Mwalimu wa chuo cha Kurani, jirani yetu, alipopita kuchukua karai lake aliziona sanamu zile. Akamwambia Seifu kwamba kifaru ni chombo, hakina neno, lakini sura ya mwanadamu asiipe macho na pua, maana ataulizwa kuhusu kuitia roho. Seifu hakubishana. Nyuso zilibaki kitambaa kitupu. Lakini nilimwona, kwa sanamu moja tu, akilichonga bega la kulia mara tatu, akilishusha, akilitazama, akilishusha tena. Nikamwambia huyu umempinda. Akasema huyu alibeba maboriti ya mikoko begani tangu yu mtoto, hana bega jingine.

Siku iliyofungua mambo nilikuwa nafagia. Kichwa cha kifaru kilikuwa kinazunguka, Seifu alikitengeneza kizunguke, na ufagio wangu ukausukuma mzinga kidogo kuelekea kushoto. Mbele, upande huohuo, palikuwa na mfuniko mdogo wa dereva, wenye bawaba, niliopenda kuufungua kwa ukucha. Nikaujaribu. Haukufunguka, mzinga ulikuwa umeulalia. Nikadhani nimeharibu. Seifu alikuwa anakunywa chai, nikamwambia kwa sauti ya kuomba radhi, "Mfuniko wa dereva umekwama." Akaweka kikombe chini. Akaja, akapiga magoti, akausukuma mzinga kulia kwa kidole kimoja, polepole sana, mfuniko ukafunguka. Kisha akakaa palepale sakafuni penye vumbi na akanisimulia, na mimi nikiwa nimeshika ufagio mpaka mwisho kwa sababu sikujua pa kuuweka.

Kifaru chao kilipigwa kwenye njia yenye migomba pande zote. Kamanda alikufa palepale, na mpakia risasi pamoja naye. Umeme ulikatika, moto ukaanza nyuma. Seifu akasukuma mfuniko wake ukagoma, mzinga ulikuwa umesimama juu yake. Hakuwa na njia nyingine. Aligonga chuma kwa spana ili wa juu wamsikie. Aliyebaki hai kule juu alikuwa mpiga mzinga, Athumani, kijana wa Kiongoroni huko delta, na tundu la kutokea lilikuwa wazi kando yake. Umeme ukikatika, kichwa cha kifaru huzungushwa kwa mkono, kwa kushikilia mpini na kuuzungusha kama mtu anayevuta maji kisimani, mizunguko mingi kwa mwendo mdogo. Seifu alisikia meno ya mtambo yakigeuka juu ya kichwa chake. Mwanga ukaingia kwenye ukingo wa mfuniko, uzi, kisha kidole, kisha ukafunguka. Alitoka na moto mgongoni akajitupa kwenye migomba. Alipogeuka kutazama, kifaru kikapasuka na Athumani bado yumo. Hospitalini ofisa alimuuliza kama alimwona Athumani akifa, naye akasema hakuona, na kweli aliona moto tu. "Ningesema nimeona, angeniuliza mwenzangu alichelewa kutoka kwa nini," aliniambia. Kwa hiyo barua iliyokwenda Kiongoroni ilisema kwamba hajulikani alipo.

Alikusudia kwenda kusema mwenyewe, na alikwenda. Kwetu mleta habari ya msiba hapokei chakula kabla hajaisema. Akipewa hata maji huyaweka chini, asema kilichomleta, mengine yafuate. Mgeni akila, wenye nyumba hushusha pumzi, wanajua hakuja na kifo. Seifu alijua hayo tangu utotoni. Lakini alifika Kiongoroni na kidonda kibichi, ametapika njia nzima ndani ya boti, na mama yake Athumani, Bi Mwajuma, alimpokea kwa ajili ya mwanawe, akisema huyu ni mwenzake Athumani, akampakulia wali wa nazi na samaki kabla hajamaliza kuitika salamu. Akasema moyoni atakula tonge moja ili apate nguvu ya kufungua mdomo. Akala la pili. Alipoinua macho yule mama alikuwa analia kwa furaha, na mlangoni alisimama mwanamke kijana aliyejifunika kanga mpya, mke wa Athumani, Zuhura, akicheka huku amejiziba mdomo. Baada ya hapo, aliniambia, angewaambia nini? Alimaliza sinia. Akaondoka. Na kwa miaka kumi na miwili Bi Mwajuma alimjibu kila aliyemshauri akubali kwamba mwanawe amekufa: rafiki yake amekula wali wangu, Athumani yuko hai, labda ameoa huko Uganda. Mashehe walitaka shahidi wa macho. Zuhura akabaki si mke wala si mjane, haruhusiwi kukaa eda, haruhusiwi kuposwa. Seifu habari hizo alizipata kwa wafanyabiashara wa kamba wabichi, wale waliokuwa wakishuka delta na barafu, na mwaka ule kila akizipata aliongeza boliti. Nilimuuliza kwa nini asingekwenda na mdomo wake tu. Akasema mdomo wake kule umeshashuhudia kinyume, hauaminiki tena. Wataamini macho yao.

Tulikwenda baada ya mavuno. Tulikibeba kifaru ndani ya kikapu kikubwa, nimekifunika kwa kanga zangu mbili, tukapanda boti ya mashine iliyojaa sukari, beseni za plastiki na matangi ya barafu. Tulisubiri maji yajae kwenye mkono wa mto, mikoko pande zote, na abiria mmoja aliyechungulia akauliza kama tunakiuza, yeye ana wajukuu. Seifu alimjibu kwa adabu kwamba hiki kina mwenyewe. Mimi niliogopa. Niliogopa watatupiga, niliogopa atashindwa tena, na kusema kweli, niliogopa zaidi hilo la pili.

Bi Mwajuma alikuwa amezeeka lakini amesimama wima. Alimjua Seifu kabla hatujafika uani. Shikamoo zikapita, marahaba zikapita, mkeka ukatandikwa, Zuhura akaleta maji katika bakuli. Seifu akayapokea kwa mikono miwili, akayaweka chini, akayasogeza mbali naye. Bi Mwajuma aliyatazama yale maji, kisha akamtazama Seifu, na nikaona mashavu yake yanalegea. Akakaa. "Sema," alisema. Seifu akafunua kikapu. Akakitoa kifaru, akakiweka juu ya mkeka, akawaweka wanne mahali pao mmoja mmoja akiwataja, na alipofika kwa yule wa bega la chini mama alinyoosha mkono akamchukua kabla hajatajwa. Alimgeuzageuza. Akampapasa bega. "Huyu wangu," akasema, na sanamu ile haikuwa na jicho wala pua. Akamrudishia.

Seifu alieleza kama alivyonieleza mimi, lakini kwa mikono. Aliwalaza wawili. Aliusogeza mzinga kushoto, akamwambia mama ajaribu kuufungua mfuniko wa dereva. Bi Mwajuma alijaribu kwa kucha zake ngumu, akajaribu tena, akasema haufunguki. Seifu akamwambia, "Mimi nipo humo chini, mama, na moto unakuja. Yeye tundu lake hili hapa, liko wazi." Kisha akamwachia. Hakumwonyesha la kufanya. Yule mama akaweka kidole chake kwenye mzinga, akausukuma kulia, kidogo kidogo, mpaka mfuniko ukainuka. Ndipo alipolia. Zuhura alikuwa amesimama ameshika nguzo ya ukumbi, na wanawake wa nyumba za jirani walikwisha kusikia na wakaanza kuingia.

Kilio kilipopoa, Bi Mwajuma alimwita Seifu karibu. Alimwambia, "Kufa kwake nimekusamehe, ni amri ya Mungu na yeye alichagua. Wali wangu sijakusamehe. Nikiweza nitakuletea habari." Seifu akasema ameelewa. Palepale mama akaagiza shehe aitwe, akamtazama mkwewe, akamwambia aingie ndani avue mapambo, anza eda yako mwanangu, nimekuchelewesha. Miaka mitatu baadaye habari ilikuja, kwa mfanyabiashara wa kamba: pishi mbili za mchele, na neno kwamba Seifu aule. Aliula akilia. Tangu siku hiyo alikula kwa watu wote, na huyo ndiye Seifu wanaomsifu hawa wanaokuja kunikalisha.

Sasa langu. Siku ile niliombwa nimsaidie Zuhura chumbani. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda cha kamba na sanduku la bati, na ndani ya sanduku nguo za mwanaume zilizokunjwa vizuri, zinanukia udi. Nilimfungua hereni. Nilimsuka mabutu ya kawaida, yasiyo na pambo. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mzuri bado. Akaniuliza bila kugeuka, "Dada Hawa, mumeo alikaa naye miezi mingi. Athumani alikuwa akinitaja?" Nililijua jibu. Seifu alikuwa ameniambia kwamba Athumani alimtaja mama yake, alitaja mtumbwi wake, alitaja samaki, na kwamba yeye Seifu hakujua kama kijana yule ameoa mpaka alipofika Kiongoroni akamwona mke mlangoni. Nilikuwa nimetoka kuona, nje hapo, saa hiyohiyo, huruma ya kijinga imewafanya nini watu hawa. Nikamwambia, "Kila siku. Hadi wenzake walikuwa wakimtania." Akashika mkono wangu akaubusu.

Eda ilikwisha. Mkulima mmoja wa Mbuchi, mjane mwenye mashamba ya mpunga, mtu mwema, alituma washenga. Zuhura alikataa. Mwaka uliofuata alikuja mwingine, akakataa. Alituletea salamu kwamba hataki kumwekea mwingine mahali pa mwanaume aliyekuwa akimtaja kila siku ndani ya moto. Seifu alishangaa sana. Alisema tumemfungulia mlango na hataki kutoka, na mimi nilikuwa nachochea moto jikoni, nikasema wanawake wengine ndivyo walivyo. Bi Mwajuma alikufa mikononi mwa Zuhura. Zuhura mwenyewe hakuolewa, hakuzaa.

Seifu alipofariki alikuja. Amekaa nami tangu mwezi wa kwanza, ananipikia, ananifulia, anasema zamu yake imefika. Juzi alasiri alikuwa hapa mlangoni anachambua mchele kwenye ungo, akasema sisi wawili sasa tuko sawa, wajane wa watu waliotupenda, akaniomba nimsimulie tena jinsi wenzake walivyokuwa wakimtania Athumani. Ameniomba hivyo mara nyingi katika miaka hii, na kila mara nilitunga kidogo zaidi. Nikamwambia, "Zuhura, hakukutaja. Seifu aliniambia hakukutaja hata siku moja. Nilikudanganya, nilikuonea huruma."

Vidole vyake viliendelea kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa uani, akatoa kingine. Nilisubiri anitukane, nilitamani anitukane.

"Ungeniambia nikiwa na miaka thelathini na mmoja," alisema.